Ngozi Iliyo Chini ya Shanga

1

Mkeka ulisema mtoto ni safi. Ulisema kwa maandishi ya kijani, makubwa, ili hata bibi aliyesahau miwani nyumbani ayasome akiwa mlangoni: MGONGO, SAFI. Wakati huohuo mtoto mwenyewe, Lukia binti wa Asumini, miezi sita, alikuwa amelala mbele yangu shingo imekakamaa na kupinda nyuma, mwili unawaka homa, analia kile kilio chembamba ambacho daktari wa watoto akikisikia mara moja hakisahau.

"Hii ni mara ya pili," nikauambia Mkeka, ingawa najua haumjibu daktari, unamjibu fundi tu. "Mara ya pili, wewe takataka!"

Asumini akashtuka. Alidhani namtukana yeye.

"Si wewe, mwanangu. Nausema huo uliotandikwa hapo."

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira na sioni sababu ya kuomba radhi. Naitwa Perpetua Nandonde, daktari wa watoto hapa Nampembe, juu ya uwanda, mahali ambapo maji tunayakamua kwenye ukungu kwa nyavu ndefu kuliko minazi, na damu tunaletewa na ndege isiyo na rubani kabla chai haijapoa. Lakini kufungua mlango wa chumba kimoja cha kipimo, mpaka uombe ruhusa kwa mtu aliyekaa Mtwara ambaye hajawahi kumshika mtoto mgonjwa. Ukiishi hivyo miaka mingi na usiwe na hasira, wewe una kasoro.

Homa ya uti wa mgongo inaweza kumpata mtoto yeyote mara moja. Utamtibu, utamshukuru Mungu, mambo yataisha. Ikirudi kwa mtoto yuleyule baada ya wiki chache, basi kuna mlango umeachwa wazi mwilini mwake, na kazi ya daktari ni kuutafuta. Nilikuwa nimeshachukua maji ya ubongo. Siku hizi tunayachukua utosini, kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Hakuna tena anayemkunja mtoto na kumchoma mgongoni, na kwa hiyo hakuna tena anayeutazama mgongo. Majibu yalikuja: bakteria wa kinyesi. Sasa bakteria wa kinyesi hawana ngazi ya kupandia hadi kwenye ubongo. Kuna aliyewafungulia, na aliwafungulia karibu na nepi.

"Atapona, Daktari?" Asumini akauliza. Dripu ya dawa ilikuwa imeshaanza kushuka, na macho yake yalihesabu matone.

"Dawa itaituliza. Mara ya kwanza pia iliituliza. Lakini kama sijui wanapoingilia, watarudi tena, na mara ya tatu huenda wakamwachia ulemavu au wasimwache kabisa."

"Lakini Mkeka umesema safi."

Kila mtu Nampembe anaisema sentensi hiyo kama anavyosema bismillahi. Na si kwa ujinga. Mkeka ni kitambaa cha kijivu, upana wa kanga moja, chenye macho madogo yasiyohesabika. Mtoto akitimiza mwezi mmoja hulazwa juu yake, kisha kila mwezi. Unamgeuza wenyewe taratibu, unatazama ngozi yote, unasikiliza moyo, unampima uzito, unamchanja bila yeye kujua kama amechanjwa, halafu unaonyesha picha ukutani mbele ya kina mama wote. Umeokoa watoto wengi. Mimi mwenyewe naupenda siku nyingine. Ila sheria inasema kile ambacho Mkeka umekipitisha, daktari hakifungui tena bila kibali. Sheria ililetwa na watu waliochoshwa na madaktari walioandika vipimo ovyo ili walambe kamisheni, na siwezi kuwalaumu.

Nikaita picha ya mgongo wa Lukia ije kwenye kioo cha mkononi. Ngozi nzuri, nyororo. Chini, juu ya makalio, lilikuwepo baka la buluu ambalo watoto wetu wengi huzaliwa nalo na likafifia lenyewe. Nikamgeuza Lukia ubavu nilinganishe. Baka lake halisi lilianzia makalioni, likapita chini ya shanga zake za kiunoni, mistari mitatu iliyobana, likaendelea mpaka juu. Kwenye picha shanga hazikuwepo, kama kawaida. Lakini baka lilifika mahali pa shanga likakatika. Ukafuata mkanda wa ngozi ya kahawia tupu, upana wa kidole. Halafu baka likaendelea.

Nikaitazama ile picha mara ya pili.

Ngozi ya mtoto haifanyi hivyo. Hakuna baka duniani linaloruka mkanda wa kiunoni kama mbuzi anavyoruka mtaro. Ile ngozi ya kahawia haikuwa ya Lukia. Mkeka ulikuwa umeichora.

Nikapeleka kidole nizisogeze shanga. Asumini akanidaka mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Hapana, Daktari. Nakuomba. Mpaka wifi aje."

2

Wifi yake ni Fatu Nangomwa, dada wa baba yake Lukia, na hapa kwetu shanga za mtoto ni za shangazi. Yeye ndiye anayezifunga siku ya saba. Yeye ndiye anayezilegeza mtoto anaponenepa, na mama hujua mwanawe anakua kwa kuona shanga zinabana. Hazivuliwi mpaka mtoto atembee. Fundo hufunguliwa kwa meno ya shangazi. Wembe au mkasi haugusi uzi ule, kwa kuwa ukikata uzi umemkata mtoto na ukoo wake. Mimi Mmasasi, nimetoka mjini Masasi, kwetu hatuna mambo haya, na miaka ya mwanzo niliyacheka. Nikakomeshwa siku niliposimuliwa yaliyotokea.

Kabla sijahamia hapa, Mikeka ilipoletwa mara ya kwanza, wauguzi waliagizwa wavue kila kitu mwilini mwa mtoto. Walikuwa na haraka. Walikata shanga kwa mkasi na kuzitupa kwenye ndoo. Mchana mmoja tu ndoo ilijaa, na mwanamke aliyeinama kutafuta za mwanawe humo ndani alikuwa Fatu. Alipoinuka aliwaambia wenzake waondoke, wakaondoka wote, na hawakurudi msimu mzima. Surua ikapita katikati yao. Watu bado wanauita Mwaka wa Ndoo. Mwishowe wakubwa wakapanda uwandani kuomba suluhu, na Fatu akasimama mbele yao, yakawekwa Mapatano: hakuna mhudumu atakayegusa shanga, na Mkeka utafundishwa kuona bila kuzivua. Wanawake walimpigia vigelegele hata mabonde yakajibu.

Huyo ndiye aliyeingia wodini, kanga mbili, amechoka kwa mwendo, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia.

"Shikamoo, Bi Fatu."

"Marahaba, Daktari. Nasikia unataka kufungua shanga." Hakuketi. "Mkeka unaona chini yake. Nilikuwepo walipotuambia. Niliuliza mara mbili."

"Waliwaambia mtaona picha bila shanga. Njoo uitazame hiyo picha."

Nikamwonyesha. Sikumweleza chochote, nilimwekea kioo kando ya mtoto nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko upasuaji. Akatazama baka la mtoto. Akatazama la kwenye kioo. Akaweka kidole kwenye ule mkanda wa kahawia, akakiondoa, akakirudisha.

"Hapa pamefutwa," akasema.

"Pamepakwa rangi."

"Nani amepaka?"

"Bi Fatu, mtoto anaumwa. Nitamtafuta aliyepaka baadaye, na nikimpata nitamla mzima. Sasa fungua."

Akapiga magoti kando ya kitanda, akainama kwenye kiuno cha Lukia, akatafuta fundo kwa ulimi kama watu wanaotafuta mwiba wa samaki mdomoni. Uzi ukalegea. Mistari mitatu ikaanguka kiganjani mwake.

Katikati kabisa ya mgongo, juu ya mfereji wa makalio, palikuwa na kishimo. Kidogo, kama tundu la sindano ya kushonea magunia. Vinywele vichache vyeusi vilikizunguka, na ngozi ya pembeni ilikuwa nyekundu na ina unyevu.

"Kitu gani hiki?" Asumini akauliza.

Fatu alikuwa ameshachukua ncha ya kanga aipanguse.

"Usiguse!" Nilipiga kelele mpaka muuguzi wa upande wa pili akachungulia. "Usipanguse, usipake mafuta, usitie kitu chochote humo."

Nikawaeleza. Mtoto anapoumbwa tumboni, ngozi na uti wa fahamu huanza vikiwa kitu kimoja, kisha huachana. Kwa mtoto mmoja mmoja haviachani vizuri. Hubaki uzi, yaani mfereji mwembamba, kutoka kwenye ngozi mpaka ndani kabisa. Kwa nje unaona kishimo ambacho mtu angesema ni alama tu ya kuzaliwa. Vipo vishimo vingine vya chini kabisa, karibu na njia ya haja, hivyo havina neno na watoto wengi wanavyo. Lakini cha juu kama hiki, chenye nywele na unyevu, ni tundu la ufunguo. Kila nepi inayochafuka, wadudu wanapiga hodi. Si kosa la mama wala laana ya mtu. Kikionekana siku ya kwanza kinapigwa picha, mfereji unaondolewa, mtoto anakua na kucheza kibe cha kujificha.

"Siku ya saba nilizifunga mimi," Fatu akasema. "Ilikuwa magharibi, taa ilikuwa mbali. Nilifunga juu yake."

Mtu mwema angemwambia pole. Mimi niliangalia saa ya dripu, nikasema tunahitaji chumba cha sumaku kitupigie picha ya ndani ya mgongo.

3

Mlango wa chumba cha sumaku una taa nyekundu na sauti ya bibi harusi.

"Lukia Asumini ni safi," ukasema. "Kipimo hakihitajiki."

"Nimeona kishimo kwa macho yangu."

"Macho ya daktari hayapokelewi kama ushahidi."

Nikaupa picha niliyopiga kwa simu. Ukasema picha isiyotoka kwenye Mkeka haipokelewi. Basi nikamlaza mtoto kwenye Mkeka bila shanga ili nao uone. Mkeka ukaandika kwamba Lukia ameshapimwa mwezi huu, aletwe siku ya kliniki ijayo, karibu tena. Nilivua kiatu. Muuguzi akanishika kabla sijakirusha.

Nikampigia Bwana Mbawala, Msimamizi wa Mikeka Kanda ya Kusini. Nilitegemea mjinga, na ningefurahi sana kumpata.

"Shikamoo, Daktari Nandonde."

"Marahaba. Nifungulie mlango." Nikamweleza yote, baka, mkanda, kishimo. Hakuuliza swali hata moja, nikaelewa. "Ulikuwa unajua."

"Tulijua ni makadirio," akasema taratibu. "Waliotutangulia hapa ofisini waliombwa picha isiyo na shanga. Wakaufundisha Mkeka kukiondoa chochote kilichofungwa kiunoni, halafu ukadirie ngozi iliyo chini yake kwa kufuata ngozi za watoto wengine. Na watoto wengi, Daktari, hawana kitu hapo. Kwa hiyo unakadiria kwamba hakuna kitu."

"Unakadiria! Mtoto wangu ana usaha unaokaribia ubongo, wewe unakadiria!"

"Mchoro huo niliukuta. Nimeomba ubadilishwe, nimeambiwa nisubiri."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bwana Mbawala."

"Naam. Na sasa nisikilize mimi." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinikera zaidi. "Surua imevuka Ruvuma. Wiki ijayo inaweza kuwa huko kwenu. Anayechanja ni Mkeka, hatuna tena wachanjaji wa mkono wa kutosha hata kwa tarafa moja. Ukisimama leo uwaambie kina mama kwamba Mkeka umekuwa ukiwachorea ngozi za watoto wao, nani atamlaza mtoto? Wewe unajua uwanda huo kuliko mimi. Utarudi Mwaka wa Ndoo."

Niliitazama taa nyekundu ya mlangoni.

"Katika watoto elfu mbili au tatu, unampata mmoja mwenye kishimo kama hicho," akaendelea. "Surua haichagui mmoja. Nakufungulia mlango sasa hivi, kwa jina langu, na nikifukuzwa nitafukuzwa. Naomba unyamaze mpaka kampeni ipite."

"Na huyo mmoja mwingine? Yule ambaye yupo kijiji fulani leo, amefungwa shanga juu ya kishimo, mama yake anaambiwa safi?"

"Ndiyo," akasema. "Nimemfikiria."

Ningependa kuandika kwamba nilimtukana. Lakini Lukia alikuwa mikononi mwangu amenyamaza, na mtoto mwenye homa ile akinyamaza ndipo unapotakiwa kuogopa. Kumchukia mtu mwovu ni rahisi. Huyu alikuwa anasema kweli, na alikuwa amekosea, na sikuweza kumtenganisha kweli na kosa.

"Naahidi," nikasema.

Taa ikawa ya kijani.

4

Picha ya sumaku ilionyesha mfereji wote, kutoka kwenye ngozi mpaka ndani, na mwisho wake jipu lililokaa juu ya uti wa fahamu. Ndege ya wagonjwa ikambeba hadi Mtwara. Daktari bingwa aliyempasua aliniambia baadaye kwamba angeletewa mwezi mmoja mapema, angekuwa na kazi ya nusu saa na kurudi nyumbani kula.

Lukia alipona homa. Alirudi Nampembe, bandeji pana imezungushwa kiunoni, kidonda kimeachwa kipone taratibu kwa sababu ya usaha, na ananyonya kwa fujo. Mguu wake wa kulia ulirusha mateke. Wa kushoto ulilala. Nilimtekenya unyayo kila asubuhi, na kila asubuhi Asumini aliutazama mguu, kisha akanitazama mimi, mpaka nikaanza kupita wodini wakati amekwenda kuoga.

Siku moja nilimkuta Fatu peke yake na mtoto. Zile shanga zilikuwa bado zimefungwa kwenye pindo la kanga yake.

"Watoto wengine kama huyu wapo?" akaniuliza.

"Nimeahidi kutosema."

"Basi umeshasema."

Nikaketi. Nikamwambia na yaliyobaki, surua, ahadi, Mbawala. Kuvunja ahadi nusu hakuna faida. Nikamwambia yeye ndiye anayeweza kuwaeleza wanawake wakamsikiliza. Mimi ni Mmasasi mwenye mdomo mchafu, nani atanisikiliza?

Akacheka kidogo, bila furaha.

"Mwaka wa Ndoo nilimzika Shaibu," akasema. "Mwanangu wa mwisho. Surua. Mimi ndiye niliyesema asiende mtu, na mimi mwenyewe sikwenda. Walipokuwa wanamfukia mchangani, nilijiambia si bure, nimewapatia wanawake kitu. Miaka yote hii najiambia hivyo. Sasa wewe unakuja kuniambia kwamba nilichopata ni picha ya kuchorwa."

"Ndiyo," nikasema. "Ndicho ulichopata."

Nilitamani kulirudisha neno lile likiwa bado hewani. Akaupokea ukali wangu bila kupepesa macho, kama mtu aliyekuwa anasubiri aambiwe.

"Nikisema, wataondoka," akasema. "Najua wanavyoondoka. Niliwafundisha mimi."

"Na usiposema?"

Alikuwa anaipapasa bandeji ya Lukia, kuzunguka tumbo mpaka mgongoni.

"Hii imefungwa kiunoni," akasema. "Mkeka utaiona?"

"Sijui," nikamwambia. Na kweli sikujua.

5

Siku ya kliniki ukumbi ulijaa mpaka barazani. Habari za surua zilikuwa zimefika. Mtoto mmoja alikuwa ameshatengwa bondeni kwa vipele. Nyavu za ukungu zilikuwa zinadondosha maji juu ya bati, na watoto wote waliamua kulia kwa wakati mmoja. Mfukoni nilikuwa na ahadi yangu, na nilikuwa nimelala vibaya. Nilikuwa nimepanga kusema, kisha nimepanga kutosema, kisha nikamgombeza karani kwa jambo ambalo halikumhusu.

Fatu akaingia na Asumini. Amembeba Lukia yeye mwenyewe. Wanawake wakampisha, wakamsalimia, wakaulizia mtoto. Wengi wao walikuwa wameleta uji wodini na kumwona akibadilishwa bandeji. Fatu hakukaa kwenye foleni. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele, akamvua Lukia nguo, akamwacha na bandeji yake, akamlaza.

"Bi Fatu," nikaanza.

"Wewe uliahidi," akasema bila kugeuka. "Kaa na ahadi yako."

Mkeka ukamgeuza mtoto taratibu. Ukamulika. Ukutani ukatokea mgongo wa Lukia, mkubwa kuliko mlango, na ulikuwa mzuri ajabu. Hakukuwa na bandeji. Hakukuwa na mshono wala kidonda. Ngozi ya kahawia, nyororo, kutoka ubavu hadi ubavu, na maneno ya kijani chini yake.

"Mgongo, safi," ukasema Mkeka. Kisha ukamchanja.

Kelele zilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma, hata watoto wengine wakanyamaza.

"Kidonda kiko wapi?" Asumini akauliza. Hakuwa anamuuliza mtu. Alitazama ukutani, akamtazama mwanawe aliyelala pale na bandeji yake, nyeupe, pana, ambayo kipofu angeigusa akaijua. "Wifi, kidonda kiko wapi?"

"Mkeka hauoni," Fatu akasema kwa sauti ya juu. "Hauoni chini ya kitu kilichofungwa kiunoni. Haujawahi kuona. Unachora. Mtoto wetu alikuwa na kishimo hapa, kimemtia homa mara mbili, kimemlaza mguu, na kila mwezi umetuambia safi. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba unaona."

Mwanamke mmoja karibu na ukuta akamfunga mwanawe mgongoni kwa mikono ya haraka. Wa pili akafuata. Nikasikia kanga zikikazwa ukumbi mzima, ule mlio ninaosimuliwa tangu nihamie hapa, na nikajua Mbawala alikuwa sahihi, na nikawachukia wote, yeye na Mkeka na mimi mwenyewe niliyesimama pale kama gogo.

Fatu alifika mlangoni kabla yao. Akashika mwimo huu wa mlango kwa mkono huu na ule kwa mkono ule.

"Mwaka ule niliwaambia mwondoke, mkaondoka," akasema. "Nikazika. Na wewe, Mwajuma, ulizika. Leo nawaambia kaeni. Mtukaneni daktari huyu, mnitukane na mimi, nimestahili, lakini hakuna mtoto atakayetoka hapa bila chanjo. Na hakuna atakayelazwa hapo na kitu kiunoni. Mashangazi mliomo humu njooni mbele. Msiokuwa na shangazi hapa, mimi ndiye shangazi. Nitafungua kwa meno yangu na nitafunga tena."

"Na ndoo?" sauti ikauliza kutoka nyuma, ya uchungu. "Ndoo mmeleta?"

"Shanga za mtoto zitakaa mkononi mwa mama yake mpaka zirudi kiunoni."

Wapo waliopita chini ya mkono wake wakaenda. Hakuwashika. Niliwaona wakishuka njia ya nyavu na watoto wao, na mpaka leo nikisikia mtoto amekufa kwa surua bondeni huwa nauliza mama yake ni nani, halafu sitaki kujibiwa. Waliobaki walisimama wakitazamana. Kisha Mwajuma, bibi sasa, aliyekuwa amebeba mjukuu, akasogea na kumweka mtoto mikononi mwa Fatu.

Fatu akaketi kwenye kigoda. Akainama. Meno yake hayakuwa imara kama zamani, na fundo lilikuwa la kwake mwenyewe, maana mtoto huyo hakuwa na shangazi, na yeye ndiye aliyelifunga miezi michache nyuma, kwa nguvu, kama anavyofunga siku zote. Ilichukua muda. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwangu. Nikaona ni Mtwara, nikaiacha itetemeke.

Uzi ukalegea. Fatu akamkabidhi Mwajuma shanga, akamgeuza mtoto, akaninyanyulia mgongo wake kuelekea dirishani penye mwanga.

Nikavaa miwani. Nikapiga magoti saruji ikaniuma, nikatazama kuanzia mabegani mpaka chini, kidole kwa kidole, kama nilivyofundishwa nikiwa msichana kabla hawajatuletea Mikeka.

"Hakuna kitu," nikasema.

Fatu hakumshusha mtoto.

"Tazama tena," akasema.

Nikatazama tena.